Sura ya 6: Paka Mwenye Kisukari

Kisukari humpata paka pale mwili wake unapokosa insulini ya kutosha, au pale seli zinapoacha kuitikia insulini iliyopo. Homoni hii hutengenezwa kwenye kongosho, na kazi yake kubwa ni kuiwezesha sukari iliyo ndani ya damu iingie kwenye seli na kutumika. Isipofanya kazi, sukari hurundikana kwenye damu ilhali mwili una njaa. Figo za paka huzidiwa sukari ya damu inapopita takriban milimoli 14 hadi 16 kwa lita. Hapo sukari huanza kumwagika kwenye mkojo, na inapotoka huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana dalili nne huandamana: kukojoa sana, kunywa maji sana, kula sana na kukonda.

Paka wengi wenye ugonjwa huu wana aina inayofanana na kisukari cha aina ya pili cha binadamu. Seli zao haziitikii insulini ipasavyo, kongosho hulazimika kufanya kazi ya ziada, na baada ya muda protini iitwayo amiloidi hujikusanya kwenye visiwa vya seli zinazotengeneza insulini na kuzidhoofisha. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, waliopita umri wa miaka 7, madume waliohasiwa, na wale wanaoshinda ndani bila kuwinda. Dawa nazo huchangia. Sindano za steroidi kama deksamethasoni, ambazo paka huchomwa kwa ajili ya muwasho wa ngozi, na sindano za projestini za kumzuia jike asipandwe, zote hupunguza usikivu wa seli kwa insulini. Paka aliyechomwa dawa hizo mara kwa mara anaweza kuugua kisukari, na pengine akapata nafuu zikisimamishwa.

Paka anaweza kufika mahali asihitaji sindano tena, na nafasi hiyo hutegemea jinsi tiba ilivyoanza. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha utafiti wa paka 55 waliotibiwa kwa insulini ya glajini, huku wenye paka wakiwapima sukari wenyewe nyumbani na kurekebisha dozi kwa mpango maalumu. Miongoni mwa walioanza mpango huo ndani ya miezi 6 tangu ugonjwa kugunduliwa, asilimia 84 waliacha insulini. Kati ya waliochelewa zaidi ya hapo, walioacha walikuwa asilimia 35 tu. Kwa hiyo wiki za kwanza zina thamani kuliko miaka inayofuata, na kazi yake hufanyika nyumbani zaidi kuliko kliniki.

Kwa mkazi wa Tabora hilo ni jambo la kutia moyo. Madaktari wa mifugo wa ukanda huu wamefundishwa na kuzoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na ni nadra wao kukutana na paka wa kisukari. Lakini vitu vinavyohitajika, yaani insulini, mabomba ya sindano, mashine ya kupimia sukari, nyama na dagaa, ni vile vile vinavyopatikana kwenye maduka ya dawa ya binadamu na sokoni. Kinachobaki ni ratiba isiyoyumba na mtu wa kuisimamia.

Kuhakikisha ugonjwa

Paka wa Tabora huzunguka. Hunywa kwenye ndoo ya jirani na kukojoa kwenye mchanga wa uani, kwa hiyo mwenyewe anaweza asione lolote hadi paka akonde mgongo. Dalili za kuangalia ni manyoya yaliyokosa mng'ao, mkojo unaokusanya sisimizi, na namna ya kutembea. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu ya nyuma, na paka huanza kukanyagia kisigino badala ya vidole. Akianza tiba mapema, udhaifu huo mara nyingi hupungua baada ya miezi kadhaa.

Kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Paka aliyebebwa ndani ya kikapu, akapandishwa bodaboda na kushikwa na wageni hupandisha sukari kwa hofu tupu, wakati mwingine hadi kiwango cha mgonjwa. Kawaida paka mwenye afya huwa na milimoli 4 hadi 8 kwa lita. Daktari huthibitisha kwa kuona sukari ya damu iko juu, sukari ipo kwenye mkojo, na dalili zinalingana. Pale penye maabara yenye uwezo huongezwa kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki moja hadi tatu zilizopita na kisichodanganywa na hofu ya siku moja. Mkojo nao unaweza kupimwa nyumbani kwa vijiti vya duka la dawa, ukikingwa kwenye beseni lenye changarawe safi zisizonyonya.

Magonjwa mengine hufanana na kisukari. Ugonjwa wa figo huongeza kiu na mkojo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya paka mzee ale sana akikonda, na minyoo huweza kufanya vivyo hivyo kwa paka mdogo. Maambukizi ya njia ya mkojo na kuoza kwa meno huambatana na kisukari na kukifanya kigumu kutibika, kwa hiyo hutafutwa na kutibiwa pamoja nacho. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Tabora, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho kinachofundisha madaktari wa mifugo nchini. Daktari wa wilayani anaweza kushauriana na wenzake wa Morogoro kwa simu, akiwa na vipimo vilivyoandikwa vizuri, bila paka kusafirishwa.

Insulini ipi, na kiasi gani

Insulini ya paka hutofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu, na hutofautiana na ya binadamu kwa asidi amino nne. Hata hivyo insulini ya binadamu humfaa paka. Tofauti zinazohesabika katika tiba ni muda ambao dawa inadumu mwilini na ukolezi wake ndani ya chupa.

Paka huimaliza insulini haraka kuliko binadamu. Insulini ya isofani, ile ya mawingu inayotumika sana kwenye kliniki za kisukari, mara nyingi huishiwa nguvu kabla ya saa 12 kutimia, na sukari hupanda tena. Insulini ya mchanganyiko wa 30 kwa 70 ina sehemu inayofanya kazi ghafla, na kwa sababu hiyo haimfai paka katika matumizi ya kila siku. Glajini, ambayo ni angavu kama maji, hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu, na ndiyo inayopendelewa. Isipopatikana, isofani huweza kutumika mara mbili kwa siku chini ya uangalizi wa karibu. Ipo pia insulini iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Nyingi ya aina hiyo huwa na uniti 40 kwa mililita, wakati ya binadamu ina uniti 100.

Hapo ndipo ajali hutokea. Bomba la insulini la uniti 100 lina mistari iliyopimwa kwa insulini ya uniti 100 kwa mililita. Likivutiwa insulini ya uniti 40, kila mstari wa uniti 1 una uniti 0.4 tu. Kinyume chake ni hatari zaidi: insulini ya uniti 100 ikivutwa kwa bomba la uniti 40, paka hupata mara mbili na nusu ya dozi yake. Kila chupa iwe na bomba lake, na yeyote anayesaidia kuchoma sindano aonyeshwe tofauti hiyo mapema.

Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni uniti 0.25 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, bila kupita uniti 2 kwa paka mmoja. Paka wa kilo 4 huanza na uniti 1 au zaidi kidogo. Kiasi hicho hakisomeki vizuri kwenye bomba la mililita 1. Linalofaa ni lile dogo la mililita 0.3, hasa lenye alama za nusu uniti. Dozi haiongezwi kila siku. Mwili huchukua siku 5 hadi 7 kuizoea, na anayekimbilia kuongeza humwangusha paka. Uamuzi wa kubadilisha dozi ni wa daktari, akisoma vipimo vya nyumbani.

Tangu Desemba 2022, Marekani imeruhusu pia dawa ya kumeza ya paka iitwayo beksagliflozini, na mwaka uliofuata velagliflozini, ambayo ni ya maji. Hizi huifanya figo imwage sukari kwenye mkojo, na zimekusudiwa paka ambaye hajawahi kupewa insulini na ambaye bado anakula na kuchangamka. Hatari yake ni kwamba paka anaweza kupata sumu ya ketoni hata sukari yake ikionekana ya kawaida. Mahali ambapo ketoni na ini haviwezi kupimwa kila mara, insulini hubaki kuwa njia salama zaidi.

Njia ya dawa na ubaridi

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilibeba mizigo isiyoharibika kwa joto: vitambaa, shanga na waya kwa waliokuwa wakienda bara, pembe za ndovu kwa waliokuwa wakirudi pwani. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata sehemu kubwa ya ukanda huo. Insulini ni mzigo wa namna nyingine. Huharibiwa na joto kali, jua na barafu, na mara nyingi haionyeshi kwa macho kwamba imeharibika. Anayeagiza kutoka Dar es Salaam au Mwanza huhitaji kuuliza gari litachukua saa ngapi na dawa imefungwa vipi. Barafu iwe kwenye mfuko wake, na dawa ifungwe kwa kitambaa au gazeti ili isiguse barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikishayeyuka na kuonekana safi.

Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, mbali na sehemu ya kugandishia. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe ovyo, kwani ubaridi hudumu kwa saa kadhaa. Asiye na friji naye ana njia. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kuziweka insulini za binadamu kwenye joto lililopimwa katika nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambalo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Baada ya wiki 4, nguvu ya dawa haikutofautiana na ya ile iliyokaa kwenye ubaridi.

Tabora iko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na joto lake la kawaida si kali kama la Dadaab. Miezi migumu ni Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hasa ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari. Miezi hiyo hiyo hewa ni kavu, na hewa kavu ndiyo inayokipa chungu cha udongo nguvu ya kupoza. Vyungu viwili hutumika, kimoja ndani ya kingine, mchanga ukijazwa katikati na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Dawa hukaa chungu cha ndani, ndani ya kikopo kisichopitisha maji, na kitambaa chenye unyevu juu yake. Masika hewa ikilowa, chungu hupoza kidogo, lakini na joto lenyewe huwa limepungua. Wajenzi wa tembe walitumia udongo kwa namna yao: kuta nene na paa bapa la udongo, kama la tembe la Kwihara alilokaa David Livingstone mwaka 1872, huchelewesha joto la mchana lisifike ndani. Katika nyumba ya leo, mahali pazuri ni chumba cha upande usiopigwa na jua la alasiri, chini karibu na sakafu, mbali na jiko.

Hesabu ya chupa nayo ni muhimu. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1,000. Paka anayetumia uniti 3 kwa siku angeimaliza kwa karibu mwaka mzima, na dawa ingekuwa imeharibika zamani. Kichupa cha kalamu cha mililita 3 kina uniti 300, na kinamfaa paka zaidi, dawa ikivutwa kwa bomba dogo. Nje ya friji, kilichofunguliwa hutupwa baada ya wiki 4. Kwenye friji muda wote, madaktari wengi huruhusu glajini itumike zaidi ya hapo, mradi ibaki angavu. Ikipata ukungu au chembechembe, imekwisha kazi. Tarehe ya kufungua huandikwa kwenye kichupa chenyewe.

Sindano

Tabora iko karibu na ikweta na upande wa magharibi wa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua lake huchomoza na kutua karibu na saa 1, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni ndizo nyakati rahisi kwa sindano, kwani watu wengi huwa nyumbani na mwanga bado upo au ndio unaingia. Kuchelewa au kuwahi kwa nusu saa hakuleti madhara. Mwezi wa Ramadhani mlo wa watu huhamia futari na daku, lakini wa paka haubadiliki. Kwa kuwa futari huangukia karibu na saa ile ile ya sindano ya jioni, mmoja wa nyumbani hupewa kazi hiyo kabla ya adhana.

Mpangilio ni huu: kupima sukari, kumpa chakula, kuhakikisha amekula, kisha kumchoma. Insulini ya mawingu huviringishwa polepole kati ya viganja hadi ichanganyike. Haitikiswi. Ngozi ya ubavuni au ya upande wa kifua huinuliwa kwa vidole viwili ili kutengeneza mkunjo, sindano huingizwa chini ya ngozi kwa mlalo, dawa husukumwa, sindano hutolewa. Manyoya yakilowa na kunuka dawa, maana yake sindano ilitokea upande wa pili. Mahali pa kuchoma hubadilishwa kila siku, kwani ngozi iliyochomwa pale pale huwa ngumu na kunyonya dawa vibaya. Sindano za insulini ni nyembamba mno, na paka wengi huendelea kula bila kugeuka.

Sheria tatu huzuia makosa mengi. Dozi iliyosahaulika haifidiwi: husubiriwa saa ya dozi inayofuata. Kama haijulikani dawa iliingia au ilimwagika, haichomwi tena. Na paka aliyekataa chakula au anayetapika hapewi dozi yake kamili kabla daktari hajaulizwa. Mabomba yaliyotumika hutiwa kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kupelekwa kituo cha afya kinachochoma taka zake. Hayatupwi jalalani wanakochezea watoto.

Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mate yake hayana kimeng'enya cha kusaga wanga, ini lake hushughulikia sukari nyingi kwa taabu, na panya anayemwinda ana wanga kidogo sana. Sehemu kubwa ya tiba kwa hiyo imo kwenye bakuli. Wanga usizidi takriban asilimia 12 ya nishati ya chakula, ilhali unga wa mahindi mkavu ni wanga kwa karibu robo tatu. Paka aliyelelewa kwa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa dagaa amekuwa akila chakula kinyume cha mwili wake. Chakula kikavu cha dukani nacho kwa kawaida kina wanga mwingi. Cha kopo chenye nyama au samaki huwa na kidogo.

Soko la Tabora lina vya kutosha kubadilisha hali hiyo. Dagaa wa Kigoma wanaokuja kutoka Ziwa Tanganyika huliwa wazima na mifupa yao, na hivyo huleta kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Hulowekwa na kuoshwa mara mbili au tatu ili kuondoa mchanga na chumvi. Migebuka, firigisi, vichwa na shingo za kuku, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi na mayai yaliyochemshwa, vyote vinafaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali, kwa hiyo hutolewa. Moyo wa ng'ombe au wa mbuzi una taurini nyingi, asidi ambayo paka asipoipata huharibikiwa na macho na moyo. Taurini huyeyuka kwenye maji, hivyo supu ya kuchemshia hurudishwa kwenye chakula. Ini hupewa kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Samaki hupikwa, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa paka, kwa hiyo mboga ya watu, hata yenye nyama, si chakula chake. Chakula cha nyumbani pekee hakikosi mapengo, na daktari hushauri kirutubisho cha kuyajaza.

Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Kwa nyama iliyopikwa hizo ni gramu 120 hadi 150, zilizogawanywa kwenye milo miwili ya saa za sindano. Aliyekonda huongezewa hadi uzito urudi. Mnene hupunguzwa polepole, asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kumshindisha paka njaa ili akonde haraka ni hatari, kwani mafuta humiminikia ini na kulifanya lishindwe kazi. Maji safi hukaa bila kukatika, hata paka akionekana kunywa kupita kiasi. Kumnyima maji hakupunguzi mkojo, humkausha tu.

Mabadiliko ya chakula hufanywa kwa siku 7 hadi 10, daktari akijua. Paka aliyeachishwa ugali huweza kuhitaji insulini pungufu sana, na dozi ya zamani ikiendelea hushusha sukari kupita kiasi. Wiki hizo za mwanzo ni vyema abaki ndani ya nyumba na ua. Akikamata panya si tatizo, mradi panya huyo hajala sumu. Tatizo ni ugali wa jirani mkarimu, na paka kutoonekana saa ya sindano ikifika. Majirani na watoto huambiwa mapema.

Kupima nyumbani

Mashine ya kupimia sukari ya binadamu hutumika kwa paka, lakini kuna jambo la kujua. Katika damu ya paka, sukari karibu yote iko kwenye majimaji ya damu na kidogo tu ndani ya seli nyekundu, tofauti na ya binadamu. Kwa hiyo mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi. Mashine ile ile itumike siku zote ili namba zilinganishwe, na daktari aelezwe ni ya aina gani.

Tone la damu hupatikana pembeni mwa sikio, karibu na mshipa mdogo unaoonekana sikio likiangaliwa kwenye mwanga. Sikio hupashwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, pamba huwekwa nyuma yake, na sindano ndogo huchomwa mara moja. Baada ya kipimo, paka hupewa kipande cha nyama, na baada ya siku chache wengi hutulia.

Kipimo cha kila siku ni kile cha kabla ya chakula na sindano. Baada ya kuanza dozi mpya, hufanywa siku moja ya kupima kila saa 2 hadi saa 12 zitimie, ili kujua sukari ilishuka hadi wapi na lini. Lengo la kawaida ni sukari kubaki kati ya milimoli 5 na 15 kwa lita sehemu kubwa ya siku, na kiwango cha chini kabisa kiangukie kati ya 5 na 8. Kipimo cha kabla ya sindano kikiwa chini ya 10, sindano husubiri hadi daktari atoe maelekezo. Daftari moja huandikwa tarehe, saa, sukari, dozi, alichokula, maji aliyokunywa na uzito wa kila wiki. Daktari aliye mbali hana macho mengine zaidi ya daftari hilo.

Hatari mbili

Ya kwanza ni sukari kushuka mno, chini ya takriban milimoli 3.5 kwa lita. Paka hulegea, huyumba, hutetemeka, hutazama bila kuona, na mwisho hupata degedege au kuzimia. Anayeweza kumeza hupewa chakula mara moja. Aliyelegea hupakwa asali kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, na asali ni kitu ambacho mkoa huu wa miombo haujawahi kukikosa. Aliyezimia hamiminiwi kitu kinywani, kwani kitaingia kwenye mapafu: hupakwa tu ufizi na kupelekwa kwa daktari. Asali hupandisha sukari kwa muda mfupi, kwa hiyo hata akiamka huangaliwa kwa saa kadhaa, hulishwa, na sindano inayofuata haichomwi kabla ya ushauri. Kichupa cha asali hukaa pamoja na vifaa vya sindano.

Ya pili ni sumu ya ketoni. Mwili uliokosa insulini huchoma mafuta bila mpaka, na mabaki yake hugeuka asidi kwenye damu. Paka huacha kula, hutapika, hupumua kwa kasi, hulala tu, na pumzi yake huweza kuwa na harufu kali ya utamu. Vijiti vya mkojo vya duka la dawa huonyesha ketoni. Zikionekana kwa paka anayeumwa, hiyo ni dharura inayohitaji maji ya mshipani na insulini ya kliniki siku hiyo hiyo. Maambukizi, kukosa dozi siku kadhaa na insulini iliyoharibika kwa joto ndizo sababu za kawaida.

Miezi inayofuata

Paka hurudi kwa daktari baada ya wiki moja au mbili, kisha kila mwezi hadi hali itulie, na baadaye kila miezi 3 hadi 4. Dalili njema huonekana kabla ya namba: kiu hupungua, mkojo hupungua, manyoya hung'aa, uzito hurudi. Dozi ikiendelea kupanda bila sukari kushuka, daktari hukagua kwanza insulini yenyewe na namna inavyochomwa, halafu hutafuta maambukizi, meno mabovu, uvimbe wa kongosho, au tezi ya ubongoni inayotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi.

Sukari ikianza kuwa ya kawaida na dozi ndogo ikitosha, daktari huipunguza hatua kwa hatua, na pengine kuisimamisha. Paka aliyeishi wiki 4 bila insulini, bila dalili na bila sukari kwenye mkojo huhesabiwa kuwa ametulia, si kwamba amepona moja kwa moja. Kongosho lake limebaki dhaifu. Chakula chake kinaendelea kuwa kile kile cha nyama na samaki, uzito wake hupimwa kila mwezi, sukari yake hupimwa angalau mara moja kwa wiki mwanzoni, na steroidi huepukwa isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Ugonjwa ukirudi, insulini huanzishwa upya siku hiyo kwa utaratibu ule ule, na daftari la zamani humwonyesha daktari dozi ya kuanzia.